Mkaa Usio na Moshi Chumbani kwa Mzazi

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Mawingu tangu alfajiri, upepo wa kusi wa baridi kutoka baharini, na manyunyu ya kuja na kukatika mpaka saa nne hivi.

Vijana wangu wa karakana,

Siku mliyoniaga mlinipa kazi ya mwisho: niandike ninayoyajua juu ya kuchoma maganda ya korosho, ili atakayekuja baada yenu asianze kwa kuungua kama tulivyoanza sisi. Nikakubali haraka, halafu nikaanza kuogopa. Shule niliishia darasa la tano. Kuandika naandika, kila jioni, mambo ya nyumbani tu, mvua imenyesha wapi, nani kazaliwa, tumekula nini. Lakini hayo hayasomwi na mtu, na haya yenu yatasomwa.

Leo asubuhi nilikaa barazani nikaanza na namna ya kutambua mkaa mzuri. Niliandika kwamba mkaa mzuri ukiwaka hujui kama unawaka, hauna moshi wala harufu. Nikasoma, nikaona nimeandika vizuri kwa mtu wa darasa la tano. Wakati nasoma sentensi hiyo, nyuma ya ukuta nilioegemea, mkaa huo huo ulikuwa unamuua mke wa mwanangu pamoja na mtoto wake mchanga.

Sasa ni alasiri. Wamepelekwa hospitali na bajaji. Mke wangu Somoe yuko nao, mwanangu Hamisi ameitwa kutoka bandarini, na mimi nimeambiwa nibaki hapa nisubiri simu. Nimejaribu kukaa, nimeshindwa. Nimejaribu kuswali, nimesahau rakaa. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi zenu. Wako hai au vipi, kwa dakika hii ninayoandika, sijui.

Siwezi kueleza ya leo bila kueleza moshi, kwa sababu maisha yangu yote ya kazi yalikuwa ni kuutafuta moshi na kuutoa.

Aliyenifundisha ni Mzee Chipande. Alivuka Ruvuma na watu wake wakati wa vita vya kule ng'ambo, wakapata shamba upande wa Mpapura, na yeye akawa mchoma mkaa. Nilimkuta nikiwa sina kazi. Tanuri lake lilikuwa la udongo: magogo yanapangwa, yanafunikwa majani, juu yake udongo, na matundu machache ya kupumulia. Nilidhani kazi ni kuwasha moto. Kumbe kazi ni kuuzuia. Ukiuachia hewa unapata majivu, na ukiunyima hewa kabisa unapata kuni zilizoungua nje, ndani mbichi. Yeye alikuwa hafunui kuangalia. Alikaa mbali akatazama moshi.

Moshi wa kwanza ni mweupe, mzito kama wa chungu cha maharage. Huo ni maji yanatoka kwenye mti. Ukifuata wa manjano, unaowasha koo, jua kuni zinavunjika ndani. Mwisho unakuwa mwembamba, wa bluu, halafu juu ya tundu unaona hewa inacheza tu kama juu ya barabara ya lami mchana. Hapo unaziba kila tundu kwa tope na unaondoka. Usifunue leo wala kesho. Mimi mara ya kwanza nilifunua, kwa hamu. Nikaona mkaa umelala pale, mweusi, unang'aa, nikafurahi. Kabla sijamaliza kufurahi ukawaka wote kwa pamoja, nikabaki na kilima cha majivu na nyusi zimeungua. Mzee Chipande alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kimakonde: "Nkaa hauna haraka, ntoto. Haraka unayo wewe."

Alikuwa na sheria moja ambayo sikuielewa. Tulikuwa na kibanda cha majani karibu na tanuri cha kulindia. Moshi ulipokuwa mweupe au wa manjano aliniacha nilale popote, nikohoe nijuavyo. Ukishakuwa wa bluu alinikataza kulala kibandani ikiwa upepo unatoka tanurini. Nilikuwa naona kinyume. Moshi mbaya umekwisha, sasa ndiyo pa kulala. Nilipomwuliza alisema tu kwamba ng'ambo kuna watu walilala hivyo na hawakuamka, na nyuso zao zilikuwa nzuri. Nikaona ni mambo ya majini, ya watu wa bara. Sikumwuliza tena. Sisemi alinificha, nadhani alinieleza chote alichokijua.

Miaka mingi baadaye, miti ikiwa imebaki mbali na vibali vimekuwa vigumu, nikaja karakana yenu. Hapo hamkuwepo bado. Tuliletewa maganda ya korosho kutoka kwenye mashine za kubangulia, malundo kwa malundo, na kila mtu alikuwa ameshajaribu kuyachoma nyumbani mara moja tu katika maisha yake. Mara moja inatosha. Ganda la korosho lina mafuta meusi, na moshi wake ukikuingia machoni unalia kama umefiwa. Mke wangu alipikia kwa maganda mabichi siku moja kuni zilipoloana. Wali ulinuka, jirani wakaja kuuliza kama tunachoma tairi, na yule mtoto Hamisi alivimba midomo kwa wiki.

Mimi makosa yangu yalikuwa ya kazini. Nilishika maganda yaliyotoka jua kali, yanatokwa na mafuta, nikahisi haja, nikaenda nyuma ya karakana bila kunawa. Zaidi ya hapo sitaandika, maana nasikia siku hizi na mabinti wameajiriwa. Nitasema tu kwamba nilitembea kama bata kwa siku kadhaa, na Somoe aliniandalia maji ya chumvi huku akicheka ukutani ili nisimwone. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: paka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kushika maganda, na nawa kwa majivu kabla ya kushika kitu kingine chochote.

Aliyetufundisha kuyachoma vizuri ni dada mmoja aliyetoka chuoni, Neema. Nataka nimtendee haki, kwa sababu tulimcheka sana wiki za mwanzo. Alikuja na pipa la chuma lenye mfuniko na bomba, na akatuambia tusichome, tukaange. Tukaangaliana. Alisema ganda likikaangwa taratibu, hewa ikiwa kidogo, mafuta yanatoka kwanza, tunayakinga kwenye ndoo, na ganda linabaki kavu, la rangi ya kahawa, linavunjika kwa vidole. Ganda hilo, kiwanda kinaweza kulitia kwenye tanuru lake mahali pa kuni, linawaka kwa nguvu kuliko kuni na haliozi ghalani. Tukitaka mkaa wa jikoni, tunaendelea kulikaanga mpaka liwe jeusi, kisha tunasaga, tunachekecha, tunachanganya na uji wa muhogo na kushindilia matonge.

Sisi tulitaka haraka. Tulibana mfuniko kwa waya ili joto lisipotee, na tukaziba bomba kwa gunzi. Mfuniko uliruka ukapita juu ya mwembe wa jirani. Hakuna aliyeumia, ila mbuzi mmoja alikata kamba na hakuonekana mpaka jioni. Neema hakutugombeza. Alisema kinachotoka kwenye ganda kinataka njia, tukikinyima njia kitajitafutia. Tangu hapo bomba halikuzibwa, na nyinyi mmekuta hivyo hivyo, ndiyo sababu mna mfuniko.

Niliupenda mkaa ule. Siwafichi. Mzee Chipande aliujua moshi kwa macho, lakini hata mkaa wake bora ulikuwa na vipande vibichi vya kukutoa machozi. Huu wetu, ukikaangwa sawasawa na kukauka sawasawa, haukuwa na kitu. Unagonga tonge kwa tonge linalia kama kigae. Unauwasha nje, ukishakuwa mwekundu unaweka chungu, na unaweza kuvaa kanzu nyeupe ukapika nayo. Wamama wa mtaani walianza kuniita fundi. Nilistaafu nikiwa na jina hilo na kiroba kimoja cha mkaa kila mwezi, mnachoniletea nyinyi, na Mungu awalipe.

Neema alitueleza na jambo jingine, nalo ndilo linanisumbua tangu asubuhi. Alisema moto wenye hewa kidogo unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, inamlaza mtu usingizi. Kwa hiyo tusikae kwenye banda la mapipa milango ikiwa imefungwa. Tulimsikia. Tukatoboa ukuta wa banda, tukaweka madirisha mapana. Kichwani mwangu hewa ile ikawa ni ya banda la mapipa. Ilikuwa ya kazini, kama buti na kofia. Sikuifikiria kuwa inaweza kupanda kiroba ikaja nyumbani. Sijui kama ni ujinga wangu peke yangu au ni wa wengi. Neema alisema moto wenye hewa kidogo, hakusema pipa. Naandika ili asije akalaumiwa.

Sasa ya leo.

Mke wa Hamisi anaitwa Rehema. Amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza, na bado yuko ndani, arobaini haijafika. Wanakaa nasi kwenye nyumba aliyoijenga Hamisi, ya matofali, madirisha ya alumini yenye mpira wa kuziba, na dari ya jipsamu. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya miti na udongo. Mnaijua. Kati ya ukuta na paa ungeweza kupitisha kuku.

Bi Mwanahawa, jirani yetu, ndiye anayemkanda mzazi. Amewakanda wazazi wa mtaa huu tangu mimi nina nywele nyeusi, na aliukanda mwili wa Somoe alipomzaa Hamisi. Hajawahi kupoteza mtu. Kazi yake ni ile ile siku zote: maji ya moto, majani, mafuta, uji wa pilipili manga, halafu mzazi analazwa na mtoto wake chumbani na jiko la mkaa linawekwa ndani ili baridi isimwingie kwenye mifupa. Leo kusi ilikuwa inapiga kweli. Alifunga madirisha, akaweka pazia, akasokota kanga akaisukumia chini ya mlango.

Nilikuwa barazani na karatasi zenu alipopita na jiko. Makaa yalikuwa mekundu bila hata uzi wa moshi. Akasimama mbele yangu, akaniambia, "Mzee, mkaa wako huu unanitia aibu. Enzi zangu mzazi alikuwa anakohoa na mimi nalia machozi. Leo Rehema atalala kama mke wa balozi."

Nikacheka. Nikamwambia asisahau kuwaambia wengine fundi ni nani. Hiyo ndiyo sentensi niliyosema. Nimejitahidi kukumbuka kama nilisema na nyingine, sijaipata.

Akaliingiza ndani, akafunga mlango, akaenda kwake kubadilisha nguo maana kulikuwa na matanga mtaa wa pili. Somoe alikuwa ameshatoka kwenda sokoni. Nikabaki mimi na uandishi wangu. Nilisikia mtoto analia kidogo, kisha kilio kikawa kidogo zaidi, kisha kikakatika. Nikafurahi. Nilifikiri, amelala.

Niliandika kwa muda. Siandiki ilikuwa muda gani kwa sababu sijui na sitaki kubuni. Kilichonishtua ni kikombe ambacho hakikuja. Rehema hunipa chai ya pili asubuhi kupitia dirishani, ananyoosha mkono tu, maana mimi ni mkwe na yeye yuko ndani. Leo hakuna mkono. Nikaita, "Mwanangu Rehema." Kimya. Nikaita tena. Nikajiambia amelala. Nikaita kwa sauti ya kuamsha mtu mzima, na mtoto pia hakushtuka.

Sijui mtaelewa vipi nilichofanya baadaye. Nilisimama mbele ya mlango ule nikashindwa kuugusa. Mwanamume haingii kwa mzazi, na baba mkwe ndiyo kabisa. Nilimwona Rehema kichwani mwangu akiamka na kunikuta nimesimama juu yake, hajajisitiri, na mimi nitasema nini, na yeye atakaa vipi nyumba moja na mimi baada ya hapo. Nilirudi kwenye kiti. Nikasimama. Ndipo nikamkumbuka Mzee Chipande na watu wake waliokuwa na nyuso nzuri, na nikakumbuka kwamba jiko liko ndani na sijaona moshi popote.

Bi Mwanahawa alikuwa anaingia uani, amevaa kanga za msibani. Aliniona mkono wangu uko kwenye kitasa.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Rehema haitiki."

"Mzazi amekandwa, ameoga, amekunywa uji. Unataka aitike nini? Ondoa mkono hapo, watu watakuona."

"Na mtoto?"

"Mtoto akishiba analala. Umesahau kulea?"

Nikamwambia amwite yeye. Akiitika, nitaondoka niende nikakae msikitini mpaka jioni, na anitangaze matangani atakavyo. Akaguna, akaegemea mlango, akaita kwa utani kwanza, eti mke wa balozi amka, wakwe zako wamepata wazimu. Akaita mara ya pili bila utani. Mara ya tatu sauti yake ilibadilika, akasukuma mlango na kanga ikamzuia, akasukuma kwa bega.

Joto lilitoka kama la pipa unapolegeza mfuniko. Harufu, hakuna. Mafuta ya mtoto tu na ubani kidogo. Chumba kilikuwa kizuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo kilivyokuwa, safi, kimya, jiko linang'aa katikati. Rehema amelala ubavu, mkono juu ya mtoto. Bi Mwanahawa aliinama akamgusa shavu, akageuka kuniangalia ameduwaa, akasema, "Mbona rangi yake nzuri? Midomo imeiva kama ya mtu mwenye afya. Mbona haamki?"

Nilimwambia ashike mtoto atoke. Asiguse jiko, asifungue pazia, ashike mtoto atoke. Alimshika, na kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma kwenye mkono wake kama cha kuku. Hilo ndilo ninaloliona sasa hivi nikifumba macho, na nisipofumba pia.

Mimi niliingia. Nilivuta pumzi barazani, nikaizuia, nikamshika Rehema kwapani nikamburuta. Nilitazama sakafu. Kwa haki ya Mungu niliona nyayo zake tu, zinavuta mkeka. Nilimlaza barazani, kwenye upepo ule ule wa kusi tuliomfungia usimpate, nikamfunika kwa koti langu, na Bi Mwanahawa amekaa chini anampulizia mtoto usoni anaita majina ya Mwenyezi Mungu. Mtoto alipiga chafya. Kisha akalia, kilio chembamba sana, kama paka yuko kwenye kiroba. Sijawahi kusikia sauti niliyoipenda hivyo.

Rehema hakulia. Alitapika, akafumbua macho, akaniangalia. Nikamwuliza jina lake, hakulijua. Nikamwuliza jina langu, akasema ni Hamisi. Halafu macho yakageuka tena.

Kijana wa bajaji niliyempigia simu alifika Somoe naye anaingia na kapu lake la sokoni. Somoe aliweka kapu chini, akanisaidia kumpakia Rehema, akapanda, akampakata mtoto. Bi Mwanahawa alitaka kwenda akashindwa kusimama, kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu, kwa zile dakika chache tu alizoinama mle ndani. Ndipo nilipoamini kabisa ni nini.

Nimerudi chumbani baada ya madirisha kukaa wazi. Jiko lilikuwa bado jekundu. Nimelishika kwa ile kanga ya mlangoni nikalitoa nje, nikalimwagia maji, na moshi ukatoka kwa mara ya kwanza leo.

Nimekuwa nikifikiri hapa nani alaumiwe, maana najua mtauliza. Bi Mwanahawa amefanya alivyofanya miaka yote. Lakini nimemwuliza, na ameniambia jambo lenye akili kuliko yote yaliyomo katika karatasi hizi. Zamani hakuwa anajua kwa saa wakati wa kutoa jiko. Macho yakianza kumwasha, au mzazi akikohoa, alikuwa anajua limetosha, analitoa na anaacha mlango wazi. Macho ndiyo yalikuwa saa yake. Leo macho hayakumwambia kitu. Nyumba nayo, ya zamani ilikuwa inavuja kila upande, hata ungetaka kumfungia mtu hewa usingeweza. Kwa hiyo mila ni ile ile, mikono ni ile ile, na sisi tumebadilisha mkaa, na Hamisi amebadilisha kuta, na hakuna aliyekaa na mwenzake akasema haya mambo mawili yakikutana itakuwaje.

Sumu yenyewe, kama nimemwelewa Neema sawasawa, ilikuwemo hata kwenye mkaa wa Chipande. Hatukuiweka sisi. Tulichofanya ni kuondoa kile kilichokuwa kinawafukuza watu chumbani. Nimefanya kazi hiyo kwa bidii, nimesifiwa, na leo sifa hizo zimenishinda kuzibeba. Lakini pia sitaki muiache kazi hii. Nimeona macho ya wamama waliopikia kuni miaka arobaini. Nimeona vifua vyao. Kusema turudi kwenye moshi ni uongo wa mtu mwenye hofu, na mimi leo nina hofu, kwa hiyo msinisikilize upande huo.

Ninalowaomba ni hili. Kila kiroba kinachotoka karakana, anayekipokea aambiwe kwa mdomo, si kwa maandishi ambayo Bi Mwanahawa hatayasoma: mkaa huu unawashwa nje na unapikiwa nje, au mlango na dirisha viwe wazi. Hauingii chumba cha kulala, hata ukiwa mwekundu na mzuri, hata kwa mzazi, hata kwa maiti. Mkandaji wa kila mtaa atafutwe aambiwe kwa heshima, na mtu mwenye umri wake, asiende mtoto wa juzi kumfundisha. Akitaka chumba kiwe na joto, chupa za maji ya moto zifungwe kwenye kanga. Sijui kama inatosha. Neema angejua zaidi, mtafuteni.

Simu inalia, naacha.

Nimerudi, jua limeshazama.

Alikuwa ni Somoe. Alianza kwa kulia, nikadhani tumefiwa, kumbe analia kwa kushukuru. Wamewekewa mipira ya hewa puani, wote wawili. Mtoto amenyonya. Rehema amejua jina lake, amejua jina la mumewe, na ameuliza nani alimtoa. Somoe akamwambia ni baba mkwe wako. Rehema amesema, "Mwambie baba anisamehe, chai yake sikumpa." Kichwa bado kinamuuma sana na daktari amesema watakaa huko, wamwangalie siku zinazokuja, maana hewa hii inaweza kuacha kitu nyuma. Kwa hiyo siandiki kwamba yamekwisha.

Hamisi alipitia hospitali kisha akaja nyumbani kuchukua nguo zao, bado ana vumbi jeusi la makaa ya mawe wanayopakia melini. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa uani pale pale, amekataa kwenda kwake, amekataa matanga. Hamisi alisimama mbele yetu akauliza nani aliweka jiko ndani.

"Mimi," Bi Mwanahawa alisema.

"Mkaa ulikuwa wangu," nikasema mimi.

Alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Mwanangu ana hasira za haraka na nilikuwa nazisubiri. Aliingia chumbani, akafungua lile dirisha la alumini na kulifunga, akalifungua tena, akapitisha kidole kwenye ule mpira. Alitoka akakaa chini karibu na Bi Mwanahawa.

"Nilimwambia fundi aliyeyaweka," alisema, "nataka madirisha ambayo hata mbu hapati pa kupenya."

Kapu la Somoe lilikuwa bado barazani. Bi Mwanahawa akainuka, akatoa ming'oko iliyokuwemo, vile viazi vya porini, akaiosha, akapanga mafiga matatu katikati ya ua na kuwasha kuni za mwembe, mbichi kidogo. Tulikula ming'oko ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, kwa vidole, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Upepo ulikuwa unageuka geuka na moshi ukatupiga usoni, mara huyu, mara yule, macho yanatiririka, na hakuna hata mmoja wetu aliyehama.